Mbolezi ya Mtu Aliye Hai

Nafundisha Kiingereza na fasihi yake katika shule moja ya sekondari hapa mtaa wa Pipeline. Shule yenyewe imebanwa na maghorofa hivi kwamba ukipiga chafya darasani, mama anayeanika nguo ng'ambo anakuambia pole. Wiki hiyo tulikuwa tumefikia nyimbo za maombolezo. Kitabu kilikuwa na mbolezi moja iliyotafsiriwa kwa Kiingereza kikavu, na kidato cha tatu kilikuwa kinasinzia. Nikachoka nao. Nikasema anayejua mbolezi ya kwao aje mbele aiimbe kwa lugha yao, halafu tutaijadili.

Msichana mmoja mpole, ambaye wazazi wake walitoka magharibi mwa nchi, akainua mkono.

"Madam, nimlilie nani? Kwetu huwezi kulilia hewa. Lazima umtaje mtu."

"Mtaje yeyote," nikamjibu. "Hili ni somo tu."

Akamtaja baba yake, kwa kuwa sifa za baba ndizo alizozijua. Loo! Alimwita kwa jina la ukoo, akamuuliza mbona ameondoka bila kuaga, nyumba amemwachia nani. Wale wavulana wa nyuma, mabingwa wa kunisalimu "niaje Madam", walinyamaza kabisa. Nilifurahi sana, sikufichi.

Kabla ya mapumziko mama yake alikuwa langoni, kitambaa cha kichwa kimefunguka, akipiga mayowe. Kumbe jirani wa ghorofa iliyo mkabala, mtu wa kwao, alikuwa anaanika nguo. Akaisikia lugha, akaijua sauti ya mtoto, akamjua na anayeliliwa. Akampigia mama simu. Mama naye hakuuliza mtoto amejuaje. Alidhani kiwanda anakofanya kazi mumewe kimeijulisha shule kwanza.

"Mwili uko wapi?" akaniuliza.

"Mama, hakuna mwili. Lilikuwa somo."

"Somo gani la kumlilia mume wangu?"

Nikamwambia ampigie mumewe. Simu ikaita mpaka ikakatika. Baba alikuwa kibarua kwenye kinu cha unga kule Industrial Area, na vibarua huacha simu zao kwa mlinzi wa lango. Sote tulilijua hilo. Lakini mama alipiga tena na tena, na kila ilipokatika nilizidi kupata wasiwasi, maana viwandani watu huumia kila leo. Naibu mwalimu mkuu akamtuma bawabu wetu kwa bodaboda aende akamtafute.

Tukakaa ofisi ya walimu kungoja. Mama alikuwa anajipiga mapaja. Msichana akanisogelea.

"Madam, kwetu ukimlilia mtu aliye hai, umemwitia kifo. Na kama nimemuua?"

"Acha upuuzi!" nikamfokea. "Na kama ulijua hivyo, mbona hukuniambia?"

"Ulisema ni somo tu."

Mimi na digrii yangu ukutani, nilianza kumwomba Mungu kimoyomoyo, huku najua wazi kwamba wimbo hauui mtu. Chai ikaletwa, hakuna aliyeigusa.

Bawabu akarudi naye. Baba aliingia kwa miguu yake, unga umemjaa mpaka kwenye kope, mweupe pepepe. Mama akapiga ukemi, kisha akamrukia, akawa anampapasa mikono na mabega. Yeye alikuwa anamtazama binti yake.

"Nimeambiwa umenizika."

Mama ndiye aliyejibu. "Leo hii anapanda basi aende kwa wazee nyumbani, wayatengue haya maneno. Na shule basi! Shule gani hii inayofundisha watoto kuua?"

"Mzee," nikadakia, "mimi ndiye niliyemwambia aimbe. Ukimtoa sasa, mwakani hana mtihani. Kama kuna wa kulaumiwa, mimi hapa."

Hata hakunigeukia. Alivuta kiti, akaketi mbele ya mtoto. Nikajua limekwisha, huyu tumempoteza.

"Imba," akasema.

"Baba, siwezi."

"Imba, mama." Alimwita hivyo kwa kuwa binti alipewa jina la nyanya yake mzaa baba. "Watu wanakufa bila kujua wataliliwa vipi. Imba nisikie."

Akaimba, sauti ikikatikakatika. Mama akajiziba masikio. Baba aliinamisha kichwa, machozi yakamchuruzika na kuacha michirizi kwenye ule unga, wala hakuyafuta.

Wimbo ulipoisha akasimama. "Wazee tutawaona Desemba, wote pamoja," akamwambia mkewe. "Kesho mtoto aje shule."

Akamwekea binti yake mkono kichwani.

"Lakini siku yangu ikifika, unitungie nyingine. Hiyo nimeshaisikia."