Gari Lililochemka Ganda

Tangu mkewe Everlyne apooze upande wa kulia, Mwaro alikuwa dereva, mpishi na muuguzi wa nyumba yake peke yake. Kila juma alimpakia kwenye gari lao kuukuu, akamtoa Kakuyuni hadi Malindi kwa mazoezi ya viungo, akamrudisha, akamwogesha, akampikia. Usingizi aliupata vipande vipande. Gari nalo alilitunza kichovu vilevile: maji ya rejeta yakipungua, aliongeza chochote kilichokuwa karibu, leo kulanti ya kijani, ile dawa ya kupozea injini, kesho nyekundu, keshokutwa maji ya kisima.

Asubuhi moja, walipofika kijiji cha Ganda, mshale wa joto ulipanda hadi ukagota, na mvuke ukafuka kwenye boneti. Mwaro akaegesha kando, akazima injini, akakaa tu, mikono juu ya usukani. Hata nguvu ya kukasirika hakuwa nayo. Everlyne, ambaye tangu augue maneno yalimtoka kwa shida, alimtazama, kisha akatazama barabara. Zamu yao hospitalini ilipita wangali pale.

Fundi Alamin, aliyepigiwa simu, alikuja kwa pikipiki kutoka mjini. Alimkataza kugusa kifuniko cha rejeta mpaka injini ipoe, maana maji yale yangemrukia usoni. Walipofungua, ndani mlikuwa na uji mzito wa rangi ya kutu.

"Mzee, umechanganya kulanti zisizopatana, zikagandana," Alamin alisema. "Na maji ya kisima chenu yana chumvi. Yanakula vyuma."

Mwaro hakubisha. Aliuliza tu anunue ipi. Alamin akamweleza asifuate rangi, kwani kila kiwanda hutia rangi yake; atazame aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Ikiwa nzito, aizimue nusu kwa nusu kwa maji safi ya dukani yasiyo na chumvi; ikiwa imeshazimuliwa, asiongeze kitu. Kisha akawajazia maji safi ya kuwafikisha nyumbani polepole.

Kesho yake, injini ikiwa baridi, Mwaro alilala chali chini ya gari, akaimwaga ile takataka kwenye beseni. Mbuzi wakasogea kunusa. Kulanti ni tamu, na ni sumu. Everlyne, aliyeketi barazani, aliokota kumbi la nazi kwa mkono wake mzima akawarushia, wakatawanyika. Mwaro akacheka kidogo, mara ya kwanza baada ya siku nyingi, akaifungia sumu hiyo kwenye dumu. Alisuuza rejeta tena na tena hadi maji yakatoka meupe, akatia kulanti mpya taratibu, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akangoja mapovu yaishe ndipo akaongeza iliyopungua. Mgongo ulimuuma hadi kuinuka ikawa kazi.

Safari iliyofuata, mshale ulisimama katikati njia nzima. Mwaro alimkabidhi mkewe kwa muuguzi Cynthia, akarudi garini kungoja, na usingizi ukamchukua mdomo wazi.

Everlyne alipotoka, akijikongoja kwa fimbo, Cynthia alinyoosha mkono dirishani amwamshe Mwaro. Everlyne akatikisa kichwa, akayavuta maneno moja moja.

"Mwache. Nita... ngoja."

Cynthia akamletea kiti kivulini. Mwaro alipozinduka, jua lilikuwa limegeuka, na mkewe alikuwa ameketi kando ya mlango wa gari, akimfukuzia nzi.