Haidro Kwenye Vichanja vya Dagaa

Juzi nilimpigia Mama simu. Katikati ya salamu nikasikia sauti ya mwanamke kwa mbali: "Haidrooo!" Mama akasema, "Ngoja!" Simu ikatupwa chini, nami nikabaki nasikiliza kandambili zikikimbia kwenye changarawe, nacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakanigeukia. Ngoja niwasimulie neno hilo lilifikaje mwaloni Ujiji, ufukweni tunapoanika dagaa, maana nililipeleka mimi.

Nilikuwa kidato cha kwanza. Madamu wetu wa Kiingereza aliingia siku moja akatuambia kwamba maneno yana mizizi, na ukiujua mzizi mmoja, maneno chungu nzima yanakufungukia. Bayo ni uhai. Foto ni mwanga. Jio ni ardhi. Haidro ni maji. Jamani, nilipagawa! Akaongeza tashbiha, sitiari na tashihisi, zote kwa Kiingereza, kisha akaweka kamusi nene mezani. Mshindi wa shindano la maneno hayo, Ijumaa, angeondoka nayo. Kwetu hapakuwa na kitabu cha Kiingereza hata kimoja, na kamusi ile niliitaka mpaka nikakosa hamu ya kula.

Pa kusomea sasa? Kila asubuhi kabla ya shule nilimsaidia Mama kuanika dagaa, mikono inanuka, magamba mpaka kwenye kope. Basi nikavigawia vichanja mizizi, kila mama na wake. Kichanja chetu kilikuwa juu mwinukoni, penye upepo na jua la mapema, pazuri kuliko pote. Hicho nikakiita jio. Cha Mama Odeta, mjane wa Kirundi aliyehamia karibuni, kilikuwa chini kabisa, ziwa likichafuka kidogo tu kinalowa. Hicho haidro. Nilipita nikiyataja kwa sauti, na kina mama wakaanza kuniitikia. Siku moja Mama akalalamika kuwa ziwa limeamka na hasira. Nikaruka juu: "Tashihisi hiyo, Mama!"

"Tashihisi nitakupa wewe usipowageuza hao dagaa," akanijibu.

Odeta mwenyewe alikuwa darasani kwangu, na kamusi aliitaka vilevile.

Ijumaa asubuhi nikamkuta Mama anahamishia dagaa wetu kichanja cha chini. Amebadilishana na Mama Odeta!

"Mama, kulikoni?"

"Dagaa wake wanalowa kila siku. Sisi tuko wengi, tunawahi kuwaanua. Yule ana mikono yake tu. Haya, shika beseni."

Nikashika beseni. Akili yangu ilishatangulia shuleni.

Shindanoni tulitolewa mmoja mmoja mpaka tukabaki mimi na Odeta. Madamu akaniuliza maana ya haidro. Nikafumba macho, nikakimbilia mwaloni kichwani. Haidro ni kichanja cha kina Odeta. Kina Odeta wako wapi? Juu, mwinukoni, kwenye ardhi kavu! Nikajibu kwa Kiingereza, kifua mbele, kwamba ni ardhi. Odeta akasimama, akasema ni maji. Kamusi ikaenda.

Nililia njia nzima, na nilipofika mwaloni nikamwambia Mama kwamba aliyeniponza ni yeye na kuhamahama kwake. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi akakaa chini kwenye mchanga. Kesho yake wimbi lilipokirukia kichanja chetu kipya, akaniita, "Haidro, wee! Haidro!" Mwalo mzima ukaangua kicheko. Nikakimbia na beseni huku nacheka pia. Odeta naye akaanza kuja na kamusi yake asubuhi, ameifunga kwenye kanga, tunasoma huku tunageuza dagaa, mpaka kurasa zikanuka kama sisi.

Ilinichukua miaka kuona jambo lililokuwa mbele ya macho yangu. Mimi nililia kitabu, na asubuhi ya siku ileile Mama alikuwa ametoa mahali palipokuwa panatulisha. Hakuombwa, wala hajawahi kulizungumzia tena. Nilimpenda zaidi siku nilipoelewa.

Juzi hiyo simu ilipookotwa, Mama alikuwa anahema.

"Tumewahi. Dagaa wote salama."

"Nani aliyepiga kelele?"

"Nani tena zaidi ya Mama Odeta? Si ndiye yuko juu? Mvua ikitoka Kongo, anaiona kabla yetu."