Marobota Manne ya Mtandio

Mama Chumvi hakupewa jina hilo kwa kutia chumvi maneno. Maneno yake ni machache, tena makavu. Jina lilitokana na chupa ya jemu aliyoachiwa na marehemu mumewe, ambayo kila msimu wa kuvuna nyasi huzunguka nayo shambani akiitikisa karibu na sikio, majirani wakimcheka mpaka basi.

Wacheke tu, hawajui kazi yake. Unakatakata nyasi ulizoanika, unazitia chupani pamoja na kijiko cha chumvi kavu, unafunga na kutikisa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nyasi bado zina maji. Ikiporomoka yote chini, funga marobota yako ukapumzike.

Mwaka jana aliidharau chupa, na akakiona cha mtema kuni. Alisokota nyasi mkononi, akasikia mabua yanakatika, akasema tayari. Kumbe zilikuwa zimekauka juu juu. Marobota yakapata joto ghalani, yakaota ukungu mweupe hadi ndani. Ng'ombe walikula kwa kukosa kingine, na yule mwekundu akaharibu mimba. Mama Chumvi alilia siku nzima, halafu akaapa kwamba tangu hapo mkono wake hana imani nao. Chupa ikisema hapana, ni hapana.

Mwaka huu mwekundu ana mimba tena. Nyasi zikiharibika mara ya pili, basi, atawauza ng'ombe wote wawili na kufunga banda. Hakuwa anatisha mtu. Alishamwambia wifi yake, na wifi alijua huyu mama akisema kitu amesema.

Wifi mwenyewe ni dada wa marehemu. Alikuja baada ya msiba kukaa wiki mbili, na sasa ni mwaka wa saba. Wanamwita Redio, kwa sababu taarifa ya hali ya hewa haimpiti, na ile redio ya jikoni ikizimwa, yeye hazimiki.

Msimu huo mvua ilikuwa na kisirani. Iliotesha nyasi vizuri mno, zikafika kiunoni, zikaanza kutoa maua, na huo ndio wakati wa kukata. Lakini haikukoma. Ukikata kwenye mvua, umekata mbolea. Ukisubiri sana, mabua yanakomaa yanakuwa fagio, na ng'ombe anakuangalia kama umemtukana. Mama Chumvi alikaa mlangoni siku tisa akilitazama anga kwa macho ya mtu anayedai haki yake.

Siku ya kumi Redio aliingia mbio. "Wifi! Wamesema jua siku tatu. Mvua siku ya tatu jioni!"

"Wamesema au umesema?"

"Wamesema, na mimi nimesema. Chukua panga."

Walikata siku hiyo hiyo, umande ulipokwisha kukauka. Kesho yake waligeuza kwa uma na reki, taratibu, kwa kuwa jani likikauka sana linapukutika na unabaki na vijiti. Harufu ikaanza kubadilika kutoka ubichi kwenda utamu. Mama Chumvi alisimama katikati ya shamba akavuta pumzi, akamshukuru Mungu kwa sauti, kitu ambacho si kawaida yake.

Siku ya tatu asubuhi alichukua chupa, akatia nyasi, akatikisa. Chumvi ikaganda.

Akaenda upande wa juu, ikaganda. Upande wa chini, ikaganda vile vile. Akasokota nyasi mkononi, zikakatika kavu kabisa. Mkono unasema funga, chupa inasema ngoja. Na mkono ndio uliomponza mwaka jana.

"Tunangoja," akasema.

Saa tano wingu likatokea nyuma ya mlima. Saa sita likawa jeusi. Fundi wa kuchomelea, jirani yao wa ng'ambo ya uzio, akapaza sauti: "Mama, unamngoja nani? Funga hizo nyasi!" Mama Chumvi alitikisa chupa kwa mara ya sita, chumvi ile ile, imeng'ang'ania kioo.

Hapo ndipo alipogundua kwamba wifi hajasema neno tangu asubuhi.

"Wewe, leo betri zimekwisha?"

Redio alikuwa ameketi juu ya kasha la mbao la kufungia marobota, anaangalia vidole vya miguu. "Wifi, ukitaka kunipiga, nipige baadaye. Ile chupa niliiosha."

"Umefanya nini?"

"Niliiosha alfajiri. Ilikuwa chafu, nikasema chupa ya kaka yangu haiwezi kuwa hivi. Nikaifuta kwa kitambaa. Lakini ndani kitambaa hakikufika."

Jamani! Miaka saba chupa haijaguswa na maji, inaoshwa siku ile ile ya kuamua. Mama Chumvi alifungua mdomo, na maneno yaliyokuwa yanakuja siyaandiki hapa. Lakini aliangalia wingu, akayameza. Akaifuta chupa ndani kwa ncha ya kanga mpaka kioo kikalia, akaiacha juani dakika chache zilizobaki za jua, akatia chumvi mpya na nyasi, akatikisa.

Chumvi ikaporomoka chini yote.

"Fundi!" akapiga kelele ambayo haijawahi kusikika hapo. "Lete kasha lako na mkeo!"

Basi wakafunga. Makasha mawili, watu wanne. Unatandaza kamba ndani ya kasha, unajaza nyasi, unapanda unazikanyaga, unajaza tena, unakanyaga tena, unakaza kamba, unasukuma robota nje. Mke wa fundi alikanyaga kama anayecheza ngoma. Fundi alibeba mawili mawili hadi ghalani, akihema na kulalamika mgongo. Upepo ukaja na ubaridi wa mvua. Robota la arobaini, la hamsini.

Kisha kamba zikaisha.

Zilibaki nyasi za marobota manne. Redio hakuuliza mtu. Alivua mtandio wake wa maua kichwani, ule wa kutokea, zawadi ya mwisho ya kaka yake, ambao siku hiyo aliuvaa sijui kwa nini, akauchana kwa meno vipande vinane. "Mbona mnanitazama? Fungeni!"

Tone la kwanza lilimkuta fundi mlangoni na robota la mwisho begani. Kisha mvua ikashuka kwa hasira, nao wote wanne wakasimama ghalani wakicheka bila sababu, mabua kwenye nywele, wameloa jasho.

Mama Chumvi alitaka kumwambia wifi yake kitu. Akasema tu, "Kuna viazi jikoni, kaleni."

Kiangazi kilikuwa kirefu. Kila robota lililofunguliwa lilitoa ile harufu tamu, bila hata alama ya ukungu, na kila mara Mama Chumvi alishukuru kimya kimya. Mwekundu alizaa ndama jike mwenye masikio makubwa. Mama Chumvi alikuwa akilisha akianzia mlangoni, na yale manne ya mtandio aliyaacha ukutani mpaka mwisho. Alipoyafikia, hakukata. Alifungua mafundo kwa kucha, moja moja, akafua vile vipande vinane, akavishona kwa uzi mweusi uliokuwepo.

Redio alipokabidhiwa mtandio wake, aliugeuza huku na huku. "Wifi, mshono gani huu? Umeshona gunia?"

"Siku ile ungeweza kunyamaza," alisema Mama Chumvi. "Mvua ingenyesha, nyasi zingeoza, mimi ningeilaumu chupa, na hakuna ambaye angejua. Ulisema. Nina ng'ombe watatu kwa sababu ulisema. Asante, wifi yangu."

Redio alijifunga mtandio ule wenye makovu, akachukua ndoo, akaenda kukama. Hakusema neno mpaka ndoo ikajaa.