Mkalia Maboksi

Mnunuzi wa kiwanda cha asali hapimi boksi kwa rula. Hulibonyeza pembe kwa kidole gumba, hulinusa, kisha hulijaza chupa na kulikalia, mikono mapajani, kama anayesubiri zamu hospitalini. Maboksi ya ng'ambo ameyakalia miaka tisa. Yalipobonyea, barua yake ya malalamiko ilijibiwa baada ya mwezi. Leo amekalia la fundi wa mtaa wa pili. Pembe ikalegea, akayumba nusura aanguke. Fundi akapiga magoti, akachungulia mkunjo, akachomoa penseli nyuma ya sikio.

"Gundi haijashika hapa, mama. Kesho asubuhi nakuletea jingine."

Fomu ya kuagiza ng'ambo, iliyobakiza sahihi tu, mnunuzi akaikunja akaitupa kwenye kapu la taka.

"Lete mawili," akasema. "Tutayakalia sote."