Watoto Wameshapanda?

Ninyi mliokulia Buyenzi wakati wetu, mkimsikia kijana wa leo anasema Bujumbura hakuna pa kutembea kama huna pesa, msimcheke. Mwacheni, hajui. Mjukuu wangu Karimu, aliyekuja vakansi, likizo ya shule, kutoka Ubelgiji na dada yake, alinitolea neno hilo hilo juzi. Kajilaza kwenye kochi langu, simu iko usoni, nje jua letu linawaka, na ziwa lipo pale pale Mungu alipoliweka. "Bibi, huku hakuna kitu ya kufanya." Ananiambia mimi! Mimi binti wa fundi Ramadhani, niliyeumaliza mji huu wote kabla sijaota magego, na sikutoa nauli hata siku moja.

Hebu niwakumbushe, na huyo mtoto naye asikie.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari, na garaji yake ilikuwa mbele ya nyumba yetu, mabati manne juu ya nguzo za chuma. Tuliamshwa na adhana ya alfajiri, tukamalizia usingizi kidogo, halafu nyundo ikatuamsha tena. Harufu ya utoto wangu ni petroli na maandazi ya mama vikichanganyika uwanjani, hata leo nikipita kituo cha mafuta nasikia njaa. Barabara nzima ilikuwa hivyo. Huyu ananyoosha bodi, yule anapiga rangi, mwingine ana duka la vipuri ambamo ungepata kitu chochote mradi ujue kukieleza kwa mikono. Wakubwa wa maofisini wote waliteremka kwetu na magari yao yanayokohoa. Kwenye mitaa yao walikuwa na maua, sisi tulikuwa na watu wanaojua kazi.

Sasa, gari likishatengenezwa halikabidhiwi hivi hivi. Lazima lifanyiwe esai, yaani fundi aliendeshe kwanza aone kama kweli limepona. Mafundi wote walifanya esai, lakini ya baba ilikuwa na sharti lake. Gari lijae watoto. "Gari tupu inadanganya," alikuwa akisema. "Tia watu ndani, ndiyo itasema ukweli." Kwa hiyo kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri alisimama mlangoni, anafuta mikono na kitambaa chake cheusi, anaita, "Muzigo iko wapi?" Mzigo ni sisi! Tulitoka mbio nyumba kwa nyumba, mimi, mdogo wangu Shabani na watoto wa majirani, huku mama akipiga kelele nyuma, "Mukirudi na mchanga kichwani, mutalala na kuku!"

Na tulikoenda kulitegemea ugonjwa. Hili ndilo jambo ambalo mtoto wa mtaa mwingine hawezi kulielewa. Gari likiwa na ugonjwa wa freni, yaani breki, tulipelekwa Kiriri, kule juu mlimani kwa matajiri, kwa sababu freni hupimwa kwenye mteremko. Likiwa na ugonjwa wa injini, tulikwenda barabara ya uwanja wa ndege, iliyonyooka, injini ipigwe mbio. Kama ni samotera, vile vyuma vya kuzuia mrusho, njia ilikuwa ya Buterere, yenye mashimo, tukirushwa hadi vichwa vinagonga juu na tunacheka mpaka machozi. Radieta, yaani rejeta ya kupozea injini, ndiyo ilikuwa mfalme wa magonjwa yote. Gari lenye radieta mbovu lilipelekwa mpaka ziwani, lisimame, lipoe taratibu, baba aangalie kama maji yanapungua. Na gari likipoa, watoto wanafanya nini? Wanaogelea!

Basi sisi tulikuwa tukiomba dua juu ya magari ya watu. Mtu akishusha gari lake Jumatatu, Shabani anakwenda kuchungulia chini, anarudi anang'ara, "Radieta, inavuja kabisa!" Tunashukuru. Mwenye gari amesimama pale ameshika kiuno kwa huzuni, na watoto wa fundi wanaruka ruka kwa furaha.

Kule Kiriri baba alisimamisha gari ukingoni mwa barabara, tukashuka tukauona mji wote umelala chini yetu, mapaa ya bati yanawaka jua, halafu ziwa, halafu milima ya Kongo ng'ambo imejipanga rangi ya buluu. Alitufundisha kuonyesha msikiti wetu kwa kidole. Asiyeuona hakupewa karanga. Kule uwanja wa ndege tulisimama kando ya waya, na ndege ikitua tulipunga mikono kana kwamba waliomo ni wajomba zetu. Buterere kulikuwa na mashamba ya mpunga na ndege weupe wenye miguu mirefu, na akina mama waliotuuzia, hapana, waliotupa bure, miwa iliyokatwa vipande. Ziwani tulivua viatu na kuingia na nguo zetu, maji vuguvugu, mchanga wa kahawia, na jioni baba alitupigia mluzi tutoke kabla viboko hawajaanza kutembea. Tuliwaona, vichwa tu, masikio yanachezacheza juu ya maji. Aliyesema haogopi alikuwa mwongo.

Sasa niwaambie siku ambayo yote haya nusura yaishe.

Kulikuwa na bwana mmoja, tumwite Salvatori, mkubwa katika ofisi fulani ya mjini. Gari lake lilikuwa jeupe, na viti vimevalishwa vitambaa vyeupe vilivyofuliwa na kupigwa pasi. Nusu ya wateja wa baba walikuwa wafanyakazi wenzake, na ni yeye aliyewaleta. Akisema fundi huyu mzuri, wanakuja. Akisema mbaya, tungekula maandazi ya mama asubuhi, mchana na usiku. Alileta gari lile lina magonjwa mawili, freni na radieta, na alilitaka Jumamosi jioni, maana Jumapili angewapandisha mke na watoto wake Muramvya kwenye ubatizo, warudi siku hiyo hiyo kwa kuteremka ile barabara ya Bugarama. Mnaijua. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande mwingine hakuna kitu.

Freni na radieta kwa pamoja! Kwetu ilikuwa Idi. Mama alitandika magunia juu ya vile vitambaa vyeupe, baba akatujaza, tukapanda Kiriri. Kwenye mteremko alikanyaga freni mara kwa mara, pole pole, kisha kwa nguvu, tukabiringishana kama viazi. Hakucheka siku hiyo. Aliteremka, akapanda tena, akateremka. Aliporidhika akasema "Ewaa," tukaenda ziwani kuipima radieta.

Pale ufukoni wavuvi walikuwa wakianika ndagala, na mvuvi mmoja akampa Shabani konzi moja ya samaki wale wadogo. Shabani akawatia mfukoni. Mfukoni! Tukarudi nyumbani tumelowa, na magunia yalikwisha teleza chini zamani.

Bwana Salvatori alikuja mapema. Mama alikuwa bado na ufagio mkononi. Bwana akafungua mlango wa nyuma, akakuta mchanga, akakuta kandambili moja, na ile harufu ya ndagala ikamtokea kumpokea. Alipaza sauti ambayo ilisimamisha nyundo za barabara nzima.

"We fundi! Gari yangu umefanya taksi? Umebebea samaki?"

Buyenzi neno halitembei, linaruka. Watu walitoka madukani, mafundi wengine wakaacha kazi, na wapo waliofurahi kidogo, msinidanganye, kwa sababu mteja akimkimbia baba angekimbilia kwao. Nilimtazama baba. Nilidhani ataomba msamaha, na moyoni nilijua akiomba msamaha, esai yetu imekufa.

Baba alifuta mikono. Akatuita tusimame mbele ya gari, tulivyokuwa, na mchanga wetu kichwani.

"Huyu ni mutoto yangu," akasema, ameniwekea mkono begani. "Huyu naye yangu. Hawa ni ya majirani, mama zao wale pale, waulize. Kesho we unateremuka Bugarama na watoto yako. Mi leo nimeteremuka Kiriri na watoto yangu. Freni ingekatala, nani angelia wa kwanza?"

Bwana Salvatori akatugeukia. Alitutazama mmoja mmoja, akafika kwa Shabani ambaye mfuko wake ulikuwa ukitiririka. Akaokota ile kandambili. "Ya nani?" Nilinyoosha mkono. Akanipa. Kisha akaingia garini, akaondoka bila kuaga, na tukayasikia mafuta ya mama yakichemka kwenye karai.

Wiki ile ilikuwa ndefu, jamani. Hakuna mtu wa ofisi ile aliyekuja. Jirani mmoja alimwambia baba, "Ungeomba tu pole, Ramadhani, mutu mukubwa huwezi kumujibu hivyo." Baba akasema, "Apana. Kama nimekosea kuchafua kiti, nitafua kiti. Esai sikukosea." Jumamosi alasiri hakusimama mlangoni kuita mzigo. Hakukuwa na gari la kupima. Tulikaa kwenye ngazi tumenawa miguu, tumejipanga, hatuna pa kwenda.

Ndipo likaingia lile gari jeupe, na nyuma yake gari lingine, la kijani. Bwana Salvatori akashuka. Akafungua buti, akatoa kapu la viazi vya Muramvya na kabichi kubwa kama kichwa cha ng'ombe, akampa mama. Kisha akamgeukia baba, na alichosema nakikumbuka neno kwa neno, kwa sababu barabara nzima ilikirudia mwaka mzima.

"Bibi yangu, mama ya watoto, tukiteremuka Bugarama, anashikaka rozari toka juu mpaka chini. Kila safari. Safari hii nimemuambia ile maneno yako, ya watoto." Akatutazama pale kwenye ngazi. "Akalala. Amelala mpaka tumefika mjini."

Baba akasema, "Alihamdulilahi."

"Hii ya kijani ni ya mwenzangu wa kazi. Freni. Nimemuambia asiichukue mpaka watoto wapande."

Hapo ndipo nilipojua kiburi ni kitu gani, kile kizuri, kinachokaa kifuani na kukunyoosha mgongo. Tangu siku ile wateja hawakumwuliza tena baba kama gari limepona. Waliuliza, "Watoto wameshapanda?" Mkubwa wa ofisi, tai shingoni, anasimama Buyenzi anauliza kama mimi nimeshapanda gari lake! Na mafundi wengine, wale waliokuwa wakitabasamu, wakaanza kupakia watoto wao. Jumamosi alasiri ungekutana na Buyenzi nzima Kiriri, magari ya watu yamejipanga, na watoto ukingoni wanatafuta msikiti kwa kidole.

Leo ukienda ziwani, sehemu kubwa ina ukuta na viti vya plastiki, na lazima uagize kinywaji ndipo ukae. Vijana wanalipa, halafu wanaligeuzia ziwa mgongo ili wajipige picha nalo. Sisi tulilitazama usoni. Mafuta ya gari nayo yamekuwa adimu, watu wanalala kwenye foleni ya kituo, na gari likipona fundi analisogeza hadi kona na kulirudisha. Mafundi vijana wanachomeka kikompyuta chini ya usukani, kinawaambia ugonjwa. Sikatai, kinasema kweli. Lakini hakijawahi kumpeleka mtoto Buterere. Na baba yangu tulimzika zamani, Mungu amrehemu, garaji akaachiwa Shabani, ambaye sasa ni mzee mwenye kitambi na bado hapendi kukumbushwa ndagala.

Juzi, Karimu akiwa pale kwenye kochi, Shabani akanipigia simu. Gari la mkunga mmoja, freni. Mwenyewe kaleta mafuta kwenye kibidoni, yanatosha kupanda Kiriri na kurudi, hayazidi. "Dada," akasema, "muzigo iko wapi?"

Nikakata simu. Nilivuta simu ya mtoto mkononi, nikamshika na dada yake, tukaenda kwa miguu mimi nikiwa mbele, na mtandio unanianguka. Shabani alikuwa ametandika magunia. Watoto wa mtaa walikwisha jaa, nikasema songeni, leo na mimi ni mzigo. Tulipanda. Mji ukafunguka chini yetu, mapaa, ziwa, Kongo ng'ambo, na Karimu akauona msikiti wetu kabla sijamwonyesha. Karanga zake nilikuwa nazo mkobani. Kisha Shabani akageuza gari kuelekea kwenye mteremko, akanitazama kwenye kioo. Hakucheka, kama vile baba hakucheka.

Karimu akashika mkono wangu. "Babu Shabani, freni imepona kweli?"

"Ingekuwa haiyapona," akasema mdogo wangu, anaachia gari lianze kushuka, "we ungekuwa humu?"