Pumzi Yangu Jikoni kwa Mama Mkwe

Kutoka Kitale mpaka Bungoma, mtu wa kunishinda kupuliza kinanda cha mdomo sijamwona. Naandika hivyo bila aibu kwa sababu ni kweli. Shule niliiacha darasa la nne. Nikaokota chupa, nikauza chupa, nikanunua mashine ya kusaga mahindi pale sokoni Kwanza, halafu nyingine mjini. Kinanda nilijifundisha mwenyewe nikisubiri wateja. Nilikuwa na kaseti moja ya wazee weusi wa Amerika wakipuliza bluzi, nikaisikiliza mpaka utepe ukaliwa na redio.

Wale wazee hawakuwa wanapuliza hivi hivi tu. Unafumbata kinanda na maikrofoni pamoja ndani ya viganja, sauti inapita kwa waya mpaka kwa amplifaya ya valvu, zile taa za kioo zinazowaka ndani kama makaa. Hapo ndipo sauti inakwaruza, inanona. Ukiipitisha kwa amplifaya za kisasa, zile za mikutano, inatoka kama filimbi ya refa.

Ya valvu nilikuwa nayo. Niliipata kwa mnada wa shamba moja karibu na Kitale, mzungu alipokuwa anarudi kwao. Mimi nilifuata pampu ya maji, nikarudi na pampu na hilo sanduku la mbao lililoliwa na panya pembeni. Fundi wa redio akabadilisha valvu moja iliyokufa, ikaamka. Lakini ilikuwa inanguruma hata kama hujaigusa, na ikipata moto inatoa harufu ya vumbi linaloungua.

Halafu rafiki yangu mmoja, mfanyabiashara wa vyombo vya umeme ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri, akaniletea nyingine. Hiyo ilikuwa mpya kabisa, bado na karatasi yake, lakini kiwanda kiliitengeneza kwa kufuata ile ya zamani: sura ile ile, valvu, mpaka vifungo vya rangi ya maziwa. Akaniambia niende nayo wikendi nikaijaribu. Nikiipenda nimwachie lile sanduku kuukuu, niongeze kitu kidogo, tumalizane.

"Mzee," akasema, "mtu wa kiwango chako anatembeaje na kitu cha marehemu?"

Maneno hayo yaliniingia. Ukiacha vitu vya mnada ule, mimi kila kitu nimenunua kikiwa kipya, hata gari. Kwa moyo wangu nilikuwa nimeshachagua.

Wikendi hiyo yenyewe tulikuwa tunaenda kwa wakwe zangu, Kanduyi. Mama mkwe alikuwa ametoka hospitali ya Lugulu akiwa mzima, na nyumba yote ilikuwa inafanya sala ya shukrani. Niliombwa nipulize nyimbo kidogo baada ya sala.

Hapa lazima nieleze, maana kuna wasomaji wa makabila mengine. Kwetu mwanamume hakai chumba kimoja na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, akimwona njiani anapinda. Ni heshima. Sasa mama huyu hakunitaka tangu mwanzo. Alisema binti yake aliyesoma mpaka kidato cha nne hawezi kuolewa na muuza chupa. Niliposhika pesa nilimjengea tangi la maji, nikampelekea ng'ombe, alipolazwa nililipa na kubaki nje ya geti nikiuliza habari kwa mke wangu. Yote aliyapokea kimya. Na kwa vile hatuwezi kuongea, ningejuaje kama bado ananidharau? Kitu kimoja tu changu kingeweza kumfikia bila mimi kufika. Ndiyo sababu nilibeba amplifaya zote mbili. Nilitaka asikie, na anikubali.

Sala ikaisha, mchungaji akaondoka. Wanaume tulikuwa sebuleni, akina mama jikoni, ile nyumba ndogo ya nyuma. Nikavuta waya mrefu, nikaziweka amplifaya kwenye veranda ya nyuma, zikiangalia mlango wa jikoni. Mimi mwenyewe nikabaki kitini sebuleni na maikrofoni, nikiwa na suti yangu.

Baba mdogo wa mke wangu akaona zile spika zinaangalia wapi. Akaweka kikombe chini.

"Ngojeni kwanza," akasema. "Huyu mkwe amekaa hapa na sisi, lakini pumzi yake anaituma jikoni kwa mama mkwe wake. Hiyo ni tabia gani?"

Wengine wakacheka, yeye hakucheka. Mzee mmoja akamuunga mkono, ati kupuliza si kama kuongea, kupuliza kunatoka ndani ya kifua. Shemeji zangu wakasema basi hata simu ni mwiko. Ubishi ukapanda mpaka nikaanza kukunja waya. Ndipo shangazi, dada ya baba mkwe, akatoka jikoni akiwa bado na mwiko mkononi, akasimama mlangoni.

"Pumzi ya mtu ina joto na ina harufu," akasema. "Mimi nitasimama mbele ya hicho kitu. Nikisikia joto la mkwe, nitasema afungiwe."

Nikaanza na ile mpya. Nikapuliza wimbo wa kanisa, nikiupinda kibluzi. Ikatoka safi, kubwa, kila noti imesimama peke yake kama wanafunzi mstarini. Shemeji zangu wakapiga makofi. Nikakaza viganja ili inone, ikapiga mluzi wa kuumiza masikio, mbwa wakakimbia. Shangazi akatangaza kwamba hajasikia joto lolote. Kisha mke wangu akaja kutoka jikoni, ameziba mdomo na leso.

"Baba watoto, mama anasema hiyo ni redio. Anasema redio anayo."

Sebule nzima ikaniangalia. Nilikuwa nimeshawaambia shemeji zangu kwamba hiyo mpya ni yangu, hakuna nyingine kama hiyo Western yote. Nikahamisha waya kwa lile sanduku la mnada, nikangoja valvu zipate moto. Likaanza kunguruma. Mama mkwe hakuwa anaona lolote, hakujua ni sanduku gani jipya wala lipi limeliwa na panya.

Nikapuliza ule ule wimbo, polepole. Sauti ikatoka imekwaruza, kama mtu aliyeamka sasa hivi, na nilipokaza viganja haikupiga mluzi, ilizidi tu kuwa nzito. Jikoni sufuria zikanyamaza. Baba mdogo mwenyewe akaanza kutikisa mabega kidogo, akajifanya anarekebisha koti. Nikamaliza. Hakuna aliyepiga makofi. Shangazi akarudi jikoni na mwiko wake bila kusema nifungiwe.

Mke wangu akarudi. Safari hii hakuwa anacheka.

"Mama anasema hiyo sasa ni mtu."

"Na mtu mwenyewe anamwonaje?"

"Anauliza kama amekula."

Nikajibu kwamba bado. Nikapuliza tena, na tena, mpaka sanduku likanuka vumbi lake lote.

Chakula kikaja. Kuku kwetu hagawanywi ovyo ovyo. Firigisi inaenda kwa mwanamume ambaye nyumba inamheshimu, na anayepanga sahani ni mwenye jiko. Miaka yote niliyoingia boma lile firigisi ilienda kwa shemeji yangu mmoja, mwalimu. Siku hiyo shangazi alimpita mwalimu, akampita baba mdogo, akaniwekea sahani mapajani. Firigisi ilikuwa juu ya ugali, peke yake.

Jumatatu nilimrudishia rafiki yangu amplifaya yake mpya, na karatasi yake. Aliniambia nimepumbazwa na wanawake. Nilimwambia alete nyingine yoyote anayotaka, nitaijaribu, lakini itapimwa kutoka jikoni. Na firigisi, kama mtu anataka kujua, niliila yote, polepole, mwalimu akiangalia.