Prime ya Mwalimu Kambere

Mama Clotilde Cirimwami ameuza asiranse, yaani bima, za pikipiki mjini Goma miaka mingi, na msiniambie ni kazi ngumu. Mwenye pikipiki anaogopa polisi wa barabarani, polisi anataka karatasi, karatasi iko kwenye mkoba wa Mama Clotilde. Basi. Alikuwa akiuza huku anatafuna mahindi ya kuchoma.

Ndipo habari ikatoka kwa kampuni, Kinshasa, ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la maajenti wanaojitegemea: ambaye hatakuwa na hata mteja mmoja wa asiranse ya nyumba kufikia mwisho wa mwaka, kadi yake ya kazi haitafanywa upya. Na mteja huyo awe ameelewa vizuri anachosaini. Mama Clotilde alisoma, akazima simu, akaiwasha tena, habari ikawa ile ile. Jamani, nani amewahi kuona polisi anasimamisha nyumba?

Akazunguka mtaa wote wa Mabanga. Kila mlango ulimuuliza neno moja: "Na volkano?" Akijibu kwamba kontra, mkataba wenyewe, ni ya moto wa jikoni na wizi, volkano haimo, watu walicheka mpaka akaona haya. Hapa Goma, mji ulio chini ya volkano, hiyo ni sawa na kuuza mwavuli usiohusiana na mvua.

Mwisho akafika kwa Kambere, mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Butembo, aliyekuwa ametoka tu kumaliza nyumba yake ya mbao. Mwalimu alisikiliza habari za moto huku anapiga miayo, akasikiliza na za wizi, mpaka lilipotajwa neno moja likamzindua kabisa.

"Prime iko?"

"Iko, papa. Kila mwaka."

"Na haichelewake?"

"Itachelewa namna gani? Prime ikikosa, kontra inakufa."

Mwalimu akasaini papo hapo bila kusoma, yeye anayewagombeza watoto kwa kutosoma swali hadi mwisho.

Shida ni kwamba kwa watu wa asiranse, prime ni pesa ambayo mteja anailipa kampuni. Kwa mwalimu wa Kongo, prime ni nyongeza ambayo serikali inamwahidi juu ya mshahara, na Kambere alikuwa anangoja ya kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi, kila akiuliza anaambiwa ingali Kinshasa.

Siku ya prime, Mama Clotilde alimkuta mwalimu amevaa koti, na mkewe Wivine ameandaa chai na amekwisha kuchagua kitenge atakachonunua. Wakaketi. Wakatabasamu. Kila mmoja akawa anatazama mikono ya mwenzake.

"Mama, umeleta?"

"Nilete nini, papa? Si ni weye unatoa?"

Ilipoeleweka nani anamlipa nani, Wivine aliondoa sukari mezani. Kambere alivua koti, na kwa kweli ilimuuma. Mama Clotilde angeweza kuing'ang'ania ile saini, lakini mtu hakuwa ameelewa, na hilo lilimkaa rohoni. Akaishika kontra aipasue, machozi yakimlenga, maana kadi ikienda hana kazi nyingine anayoijua.

"Acha kwanza," mwalimu akasema. "Sasa nimeelewa. Nitalipa. Lakini prime ingali Kinshasa. Ukuje wiki ingine."

Wiki iliyofuata akaambiwa: "Dosie ya karatasi iko ku biro ya mukubwa." Akarudi tena: "Jina yako haionekane ku liste, mama. Vumilia." Alitukana njia nzima kurudi kwake, hata mbuzi wa watu hawakusalimika. Ila alirudi, maana angefanya nini?

Siku ya mwisho ya mwaka, Kambere alimkabidhi pesa yote kwa mikono miwili. Mama Clotilde aliipokea kwa furaha na hasira pamoja.

"Papa, umenitesa sana!"

"Nimekutesa wapi?" mwalimu akasema. "Weye, yako imefika."